Uji Niliowamwagia Kuku

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa palizi, mwanangu, nilipomwaga bakuli la uji nyuma ya nyumba, nikatazama kulia na kushoto kama mwizi, kisha nikawaita kuku waje waule upesi. Ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo nikifanya hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini, mke wa mtu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na nilidhani ninaficha aibu ndogo ya jikoni. Kumbe nilikuwa naficha jambo lililokaribia kumuua mtu.

Nakusimulia haya kwa sababu habari zako zimenifikia. Umepimwa, umeambiwa una kisukari, umerudi nyumbani na sindano zako, na tangu siku hiyo unakula chumbani peke yako ili mtu asikuulize kitu. Ni mama yako aliyeniambia, usimkasirikie. Mimi mwenyewe ninao ugonjwa huo, huu ni mwaka wa kumi na nne. Lakini niliujua zamani sana, kabla mama yako hajazaliwa, kwenye mwili wa mtu mwingine. Kaa hapo. Sitakuweka muda mrefu, na hata nikikuweka, umekuja kwa bibi yako, una haraka gani?

Tulikuwa upande wa Sepuka. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya zamani, huku nyumba moja kule nyumba nyingine, wakapangwa mistari mistari kandokando ya barabara. Baba mkwe wangu, Mzee Sungi, aliacha tembe kubwa, nyumba ya paa la udongo, alilolijenga kwa mikono yake, akaacha zizi na kaburi la mkewe, akaja kuanza upya na sisi, yaani mume wangu Yohana na mimi. Mama mkwe sikumkuta. Mwanamke wa nyumba ile nilikuwa mimi tu.

Mwaka uleule wa kuhama mzee akaanza kukonda. Alikuwa mtu wa kifua kipana, mkulima wa kusifiwa, lakini ndani ya miezi michache shati likawa linamning'inia. Alikunywa maji mpaka kibuyu kikahamia kando ya kitanda chake. Kila mara alikuwa anatoka kwenda haja ndogo, na pale alipokojoa sisimizi walijaa. Wengine wakasema ni huzuni ya kuacha kwao. Wengine wakasema mambo ambayo sitayarudia. Yohana hakungoja wamalize kusema. Alimpakia kwenye lori la mazao mpaka hospitali mjini Singida. Walipofika huko mzee alikuwa hata kichwa hawezi kukiinua.

Walirudi baada ya wiki mbili. Mzee anatembea mwenyewe, mashavu yameanza kujaa, na Yohana amebeba kisanduku chenye vichupa vya insulini, bomba la sindano la kioo na sindano mbili. Vichupa tulivihifadhi ndani ya chungu kidogo, tukakizungushia mchanga uliolowa maji, kwenye kona isiyofikiwa na jua. Bomba lilichemshwa kila asubuhi kwenye sufuria yake yenyewe, na ole wake atakayepikia kitu kingine kwenye sufuria ile. Yohana ndiye aliyekuwa akimchoma baba yake. Mimi nilikuwa nachemsha maji na kupika uji, basi.

Kisha kijiji kikamchagua Yohana kwenda kozi ya ufundi wa trekta, miezi mitatu, mbali. Wakati ule mtu hakukataa. Kabla ya kuondoka alinifundisha kuvuta dawa mpaka kwenye mstari, kuondoa hewa, kuchoma juu ya mkono pale penye nyama. Nilijaribia kwenye boga. Nilimaliza darasa la saba, namba nilizijua. Akaniambia, "Sukari ni sumu kwake. Asionje sukari, asionje asali, hata chai usimwekee." Akaniambia pia kwamba akishachomwa ale. Mambo mengine daktari alimwambia, yeye akayasahau au akaona ni mengi mno kwangu. Nikabaki na hilo moja kichwani, limekaa kama msumari: sukari ni sumu.

Sasa elewa ugumu wangu. Kwetu wakati ule mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni. Hakula mbele yake, hakupishana naye mlangoni, hakuuliza habari za mwili wake. Nami ndiye niliyetakiwa kumshika mkono na kumchoma! Tukapata njia yetu bila kuisemea. Kila asubuhi mzee aliketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani, mkono mmoja wa shati ameuvua. Mimi nilikuja kwa nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nachoma. Anavaa shati. Naweka bakuli la uji wa uwele mlangoni mwa chumba chake na kuondoka. Hayo ndiyo maneno yetu ya siku nzima, mwanangu. Salamu na mwitikio wake.

Wiki za kwanza bakuli lilirudi tupu. Halafu palizi ikaanza. Shamba la kijiji lilikuwa mtama na alizeti, na asubuhi jua halijapanda waligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa ofisini, kila mtu atoke na jembe. Asiyetoka alibandikwa jina. Waliitwa kupe, wanyonyaji, na waliitwa hadharani. Mzee Sungi hakuwa na kidonda cha kuonyesha wala bandeji. Watu walimwona amenenepa, wakasema amepona. Basi ilipogongwa rimu alitoka wa kwanza, na mimi nikaja kuchukua bakuli nikalikuta limejaa, uji umeshika ngozi juu.

Siku ya kwanza nilishtuka. Nilichofikiria ni mimi mwenyewe. Nilisema moyoni, ameukataa uji wangu. Hauna sukari, hauna ladha, anamkumbuka mkewe aliyejua kupika. Wanawake wenzangu wa mstari ule wakiona bakuli limejaa watasema binti wa watu ameshindwa hata kumlisha mkwewe. Nikaumwaga. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilisimama na bakuli mkononi, kwa sababu nilijua kabisa kwamba mtu akishachomwa anatakiwa ale. Nilijua! Nilifika hata kwenye kona ya nyumba nimkimbilie, nikamwona mgongo wake unakwenda kwenye njia ya shamba. Nitamwambia nini? Mtoto kama mimi nimwambie mtu mzima ale? Nikarudi nyuma ya nyumba, nikawaita kuku.

Jioni ile ya tatu nilimwona anashika nguzo ya mlango, anatokwa na jasho wakati upepo ulikuwa baridi. Nilijiambia ni uchovu wa palizi. Lakini nilijiambia mara nyingi mno, na mtu anayeamini jambo halirudii mara nyingi vile.

Siku ya nne, ile niliyoanza nayo, nilimchoma, nikamwaga uji, nikachukua jembe langu nikaenda. Wanaume walikuwa upande mmoja wa shamba, wanawake upande wa pili, si mbali, unaweza kumtambua mtu kwa mwendo. Nilipalilia huku nikimwibia macho. Mpaka jua lilipoanza kuchoma alikuwa mbele ya mstari wake kama kawaida yake. Kisha jembe lake likaanza kwenda vibaya. Aliacha magugu, akawa anakata mtama.

Katibu wa kijiji akapiga kelele. "Mzee Sungi! Unang'oa mtama wa kijiji, wewe!"

Hakujibu. Aliendelea kukata. Mtu mmoja akacheka, akasema, "Huyo ameonja pombe mapema leo." Wengine wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nilitupa jembe, nikakimbia kuvuka mistari, nikasahau kwamba mkwe hakimbilii alipo mkwewe. Nilipomfikia shati lilikuwa limelowa kama mtu aliyenyeshewa. Midomo ilikuwa inatetemeka. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaniita jina la mkewe.

"Nyambi," alisema, "ng'ombe wameingia shambani."

Kisha akainua mkono anipige, magoti yakaisha nguvu, akaketi chini, akalala ubavu.

Wakamweka kwenye kanga mbili, wanaume wanne wakashika pembe, wakamkimbiza nyumbani kwetu maana ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka shambani. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akapanda baiskeli kwenda zahanati kumwita daktari. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa njia ile ya mchanga, kwenda na kurudi ni zaidi. Nami, mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha dawa. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, kwamba sukari imempanda, dawa ya asubuhi haikutosha. Nikatoa kichupa. Nikavuta dawa mpaka kwenye mstari uleule wa asubuhi.

Nilitoka na bomba mkononi nikamkuta Bibi Halima amepiga magoti kando ya mzee. Huyu alikuwa jirani yetu wa mstari wa pili, mama wa makamo, Mwislamu, mumewe anatundika mizinga ya nyuki porini. Ujana wake aliishi Tabora, na mdogo wake alikuwa na ugonjwa uleule wa mzee. Hilo sikulijua. Nilimjua kama mama mkali wa kisimani.

"Hiyo ni nini mkononi mwako?" aliniuliza.

"Dawa yake."

"Asubuhi hukumchoma?"

"Nilimchoma."

"Amekula nini baada ya hapo?"

Watu wamejaa mlangoni. Katibu yupo, wanawake wa mstari wetu wapo, kila mtu ananitazama. Nikasema, "Amekula uji." Lilitoka laini kabisa, wala sikujikwaa.

Bibi Halima aliushika mkono wa mzee, akapapasa shingo yake yenye jasho. Nilimwona amesitasita. Kama amekula, basi huenda ni jambo jingine. Akamgeukia binti yake. "Kimbia kaniletee asali, ile ya kwenye kibuyu kidogo." Nikasikia asali, nikapiga kelele. Nikauweka mwili wangu mbele ya mzee. "Hapana! Asali itamuua! Sukari ni sumu kwake, wamesema hospitali!"

Binti akaja na kibuyu. Mimi sikuondoka. Nina bomba lenye dawa mkono mmoja, mkono wa pili nimemsukuma mtu wa umri wa mama yangu. Mzee nyuma yangu alikuwa anakoroma sauti ambayo si ya usingizi.

Bibi Halima hakunisukuma. Alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. Akasema polepole, "Nakuuliza mara ya pili, mbele ya Mungu. Huyu mzee amekula?"

Nilitaka kusema ndiyo tena. Ndiyo ilikuwa mdomoni. Sijui ni nini kiliizuia.

"Hajala," nikasema. "Siku nne hajala asubuhi. Uji nimekuwa nawapa kuku."

Bibi Halima aliichukua sindano mkononi mwangu, akaiweka juu ya kinu, mbali. Akamlaza mzee kwa ubavu vizuri. Akachovya kidole kwenye asali, akampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, kidogo kidogo. Mtu mmoja akasema amnyweshe kwa kikombe apone haraka, akamkatalia, "Mtu asiyejitambua humwagii kitu mdomoni, kitaingia mapafuni." Akapaka tena. Akangoja. Akapaka tena.

Muda ule sijawahi kuupima. Labda ulikuwa mfupi tu. Mimi niliuona mrefu kuliko miezi yote ambayo Yohana alikuwa safarini. Nilimtazama mzee kifua kinapanda, kinashuka, nikawa nafikiria nitamwandikia nini mume wangu. Nitaanzaje barua ile? Nikaanza kuomba, lakini sala zote zilinitoka kichwani, nikawa nasema tu, baba, baba, baba.

Alimeza. Kwanza alimeza. Halafu vidole vikacheza. Halafu akafungua macho, akatuona tumemzunguka, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kelele, "Kwani kuna msiba?"

Hapo ndipo wanawake walipolia. Alipoweza kukaa, Bibi Halima alimpa asali ya kulamba mwenyewe, na baada yake uji na maziwa, akamsimamia mpaka akaumaliza. Kisha akanitoa nje. Nilijua ninapewa langu.

"Binti yangu," alisema, "umefundishwa heshima kwenu, nami naiona. Lakini siku nne umeona bakuli limejaa ukanyamaza. Hiyo si heshima, ni woga. Uliogopa kusemwa na wanawake. Leo ungesemwa nini?"

Nikafunika uso kwa kanga yangu.

"Na ile sindano ya pili," akasema, "ungemchoma ile, tungekuwa tunachimba sasa hivi." Halafu akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akanirudisha ndani. Hakulirudia tena neno lile hadi anakufa, wala sikumsikia mtu yeyote akisema amelisikia kwake.

Daktari alifika jua limeegemea magharibi. Ndivyo tulivyomwita mganga wa zahanati, Bwana Msengi, Mnyiramba wa kutoka Nduguti, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alimpima mzee, akachemsha mkojo kwenye kichupa na dawa yake ya buluu, akaridhika. Akatuketisha wote wawili, mzee na mimi, chumba kimoja, ana kwa ana. Mzee aligeuza uso ukutani na mimi nikainamisha wangu. Bwana Msengi akasema, "Hapana. Leo mtatazamana. Ugonjwa huu hautunzwi na watu wasiotazamana."

Akatueleza kwa maneno mepesi. Insulini kazi yake ni kushusha sukari mwilini, na haijui kama mtu amekula au hajala, yenyewe inashusha tu. Asiyekula akaenda kulima, sukari inashuka mpaka chini kabisa, na ubongo unazimika. Jasho, mtetemeko, njaa kali, kizunguzungu, maneno yasiyoeleweka, hasira za ghafla, hizo ni dalili, na hapo kitu kitamu ndiyo dawa. Siku za kawaida ni sumu, saa hiyo ni dawa. Nilisikia maneno hayo nikamtazama mzee bila kukusudia, naye akawa ananitazama.

"Baba," nilimwuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo, "kwa nini hukula uji wangu? Ulikuwa mbaya?"

Mzee Sungi alishangaa. "Uji? Uji haukuwa na ubaya wowote." Akajikuna goti. "Nilidhani chakula ndicho kinacholisha ugonjwa. Nikasema nikiunyima, utakufa kwa njaa uniache. Na watu wananingoja shambani, mimi nimekaa nakunywa uji kama mtoto?"

Siku nne mtu anaufisha ugonjwa kwa njaa, na mtu mwingine anaficha bakuli, nyumba moja, ukuta mmoja katikati yetu. Tungeulizana neno moja tu.

Jumatatu iliyofuata, ilipogongwa rimu, mzee hakutoka wa kwanza. Alikula uji wake wote, mimi nimesimama mlangoni namwona. Kisha alikwenda mbele ya watu wote waliokusanyika, akamwomba katibu nafasi, akasema, "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Nachomwa sindano kila siku, na mkwe wangu ndiye anayenichoma. Saa nne nitaketi chini ya jua hilihili nile kiazi changu. Atakayetaka kunicheka, anicheke wakati natafuna." Watu walicheka kweli, lakini cheko la kumpenda mtu. Katibu akamwambia tangu leo saa nne ni mapumziko ya wote. Na yule aliyesema amelewa alikuja jioni na maboga mawili, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Usidhani hofu iliisha. Hofu ilibaki nami, ikawa kama mtu wa nyumba ile. Mwaka uliofuata niliona madoa ya damu sakafuni, yanakwenda chumbani kwa mzee. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, amekanyaga mwiba umeingia wote na hana habari. Zamani ningefagia ule mchanga wenye damu nikanyamaza. Safari ile nilibisha mlango nikasema, "Baba, naomba nione mguu wako." Aliuficha chini ya kigoda. Nikasimama palepale. Mwishowe akautoa. Tulikwenda zahanati siku ileile, na kidonda kilichukua majuma mengi kupona, lakini mguu ulibaki wake. Tangu hapo hakutembea tena peku, alivaa katambuga, vile viatu vya tairi, hata ndani ya nyumba, na jioni aliketi kwenye mwanga akageuza nyayo zake kuzikagua, akifika pasipoonekana ananiita.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile. Sitakudanganya, macho yake yalififia mwishoni. Daktari alisema ni madhara ya ugonjwa kukaa mwilini miaka mingi. Lakini alikufa wajukuu saba anawajua kila mmoja kwa sauti yake, na mama yako ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti.

Basi mwanangu, sikia ninachokuomba. Usile chumbani. Toka ule na watu, na watu wajue unachoumwa, kwa sababu siku utakayoongea maneno yasiyoeleweka hutaweza kujieleza mwenyewe. Mwambie mwenzako wa kazini, mwambie na unayetaka kuoana naye, tena mapema. Ukichoma sindano, kula, wala usiiache kazi au safari au aibu ikuingilie kati ya sindano na chakula. Tembea na kitu kitamu mfukoni, kikae hapo kwa ajili ya siku mbaya, usikilambe kwa uroho. Siku za kawaida, soda waachie wenyewe. Ugali wako uwe mdogo, mlenda na kunde viwe vingi, na ukishiba inuka, usingoje sahani iishe kwa sababu tu imejaa. Nami nalima bustani yangu kila asubuhi, uzee huu, maana mwili unaotembea unasaidiana na dawa. Pombe, hasa tumbo likiwa tupu, kaa nayo mbali.

Miguu yako iangalie kila siku, katikati ya vidole pia, na usiitembeze peku. Nenda kliniki siku uliyopangiwa hata kama unajisikia mzima, wakupime na macho. Dawa usibadilishe wala kuiacha kwa maneno ya mtu wa sokoni anayekuuzia mizizi, na wala usijiongezee kipimo kwa hofu kama nilivyotaka kufanya mimi. Ukichanganyikiwa uliza. Na ukiona aibu kuuliza, hiyo ndiyo saa ya kuuliza upesi zaidi. Hili nalisema kwa wote, mwenye ugonjwa na anayemtunza: usinyamaze kwa kuogopa utaonekanaje. Mimi nilinyamaza siku nne, nikasema uongo mara moja, na bado napata baridi mwilini nikikumbuka mstari ule kwenye bomba la kioo.

Nenda sasa, mama yako anakungoja. Mungu akuhifadhie macho yako mpaka uwaone wanao wakiota mvi. Akuachie miguu yako yote miwili, ikufikishe kila unakotaka kwenda na ikurudishe nyumbani. Akupe watu wa kukuuliza hali yako bila kuchoka, na akupe wewe moyo wa kuwajibu ukweli.